Nusu ya Yusta

Asubuhi hiyo Balozi Evod Ndunguru alikuwa amejaa tena. Si tumbo, ingawa tumbo nalo halikuwa nyuma. Zilizojaa ni diski zake. Mfumo wa Hifadhi ya Nafsi mjini Njombe ulitangaza kwa maandishi mekundu kwenye kioo cha Tusekile Mwambungu kwamba nafasi ya Balozi imekwisha, kazi ya kumnakili imesimama, ahudumiwe haraka.

Tusekile alikuwa mkuu wa kitengo cha diski. Watu wengine walinakiliwa mara moja kwa mwaka, kama sheria ilivyotaka tangu homa ya ukungu ilipozuka na kuanza kuwafuta watu akili. Ulilala na joto, ukaamka mwili mzima, lakini hujui jina lako wala kazi ya kijiko. Dawa yake haikupatikana. Kilichopatikana ni nakala. Aliyenakiliwa kabla ya kuugua alirudishiwa kumbukumbu zake kutoka kwenye diski, akaamka akiwa yeye, amepoteza miezi michache tu.

Balozi hakutaka kupoteza hata adhuhuri moja. Alishinda na kofia ya kunakili kichwani, nyuzi zake zimefichwa chini ya baraghashia, na kila saa ya maisha yake ilirushwa Njombe ikahifadhiwe milele. Alishastaafu zamani. Saa zake nyingi alizitumia kusinzia barazani, kugombana na mpishi na kusimulia jinsi alivyowahi kupeana mkono na wakubwa. Yote hayo yalihifadhiwa, pamoja na usingizi.

Mkurugenzi Remigius Haule aliingia bila kubisha, kikombe cha chai mkononi.

"Umeona ya Balozi?"

"Nimeona. Ghala limejaa, Mkurugenzi. Nimweke wapi? Kwenye kabati la chai?"

Haule alicheka. Alipenda dharau, mradi isimguse. "Punguza muda wa kuhifadhi. Zile diski za watu wa milimani."

Kila diski ilikuwa na muda wake. Ilipojaa ilifungwa na kuwekwa rafuni, na tangu siku hiyo muda ukaanza kuhesabiwa. Ukiisha, programu ilifuta majina ya watu wake kwenye katalogi, ikaipa diski alama ya kutumika upya na kuisukuma kwenye foleni ya diski huru, ingoje mtu mwingine. Muda wa kawaida ulikuwa miaka kumi. Haule alitaka uwe mwaka mmoja kwa yeyote ambaye hakurudi kunakiliwa upya.

Wote wawili walijua panga hilo lingemwangukia nani. Watu wa milima ya Makete walishuka kwa wingi mara moja, wakati wa kampeni, kisha hawakuonekana tena.

"Walifuata blanketi la bure," alisema Haule. "Mmoja aliniuliza kama kofia ya kunakili inaambukiza chawa."

Tusekile aliikumbuka kampeni ile: harufu ya moshi kwenye makoti, mabuti yenye tope juu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki. Moyoni aliwadharau bila kujificha. Watu wanaoweza kukesha siku nne kwenye msiba wa binamu wa shemeji, lakini kulala siku moja chini ya mashine itakayowaokoa hawawezi! Mtu asiyejithamini, yeye amthamini kwa nini?

"Sawa," alisema. Akabadilisha namba, akaweka kidole gumba kwenye kioo kuidhinisha. Rafu nzima ya diski ikageuka kutoka rangi ya kahawia hadi kijani. Kijani maana yake huru.

Balozi akaanza kunakiliwa tena, kuanzia chakula cha mchana.

*

Haikupita wiki, mapokezi wakampigia simu. Kulikuwa na mzee ambaye hataki kuondoka. Anadai mkewe amehifadhiwa hapa, na katalogi haimjui.

Tusekile aliwakuta kwenye benchi la korido. Mwanamume alikuwa amevaa koti la suti lililokwisha viwiko na mabuti ya mpira. Mwanamke alikuwa amefungwa blanketi la kijivu lenye nembo ya Hifadhi. Alikuwa ameshika mashine ya kubania karatasi, ameitoa mezani kwa karani, anaitia mdomoni. Mume aliitoa taratibu, akampangusa mate kwa kiganja, akairudisha mezani.

"Mimi Obedi Tweve, mwanangu, natoka Lwandilo," alisema. "Huyu ni Yusta Chaula, mke wangu. Homa imempata wiki iliyopita. Nimemleta mumrudishe."

Tusekile hakumwamkia. Alishika kishikwambi chake kama ngao. "Hayupo kwenye katalogi, mzee."

"Yupo. Alilala kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni, mimi cha tatu. Tukapewa blanketi. Ndilo hilo."

"Mlitakiwa kurudi kila mwaka."

"Barabara ilikatika, na daraja likaenda na maji. Redio yenu ikatutangazia watu wa juu tusishuke mpaka daraja lijengwe, nafasi zetu zitatunzwa."

"Lilijengwa lini?"

Mzee alimtazama kama mtu anayetazama jiko lisilowaka. "Halijajengwa. Tumevuka mto, tukatembea mpaka tukapata trekta la mbolea."

Tusekile hakulijua tangazo hilo. Angeweza kulijua, lilitoka humuhumu ndani, ghorofa ya chini, kwa msemaji wa Hifadhi, ambaye Tusekile hakuwahi kumsikiliza kwa sababu alimwona mpumbavu. Alijisikia joto la aibu shingoni, na kama ilivyokuwa desturi yake, aibu ikatoka ikiwa imevaa ukali.

"Diski yake ilimaliza muda, ikaachiwa itumike upya. Ndio utaratibu."

"Kuachiwa ndiyo kufanya nini? Mmemtupa?"

"Hatukumtupa. Muda wake uliisha."

"Huo muda aliuweka nani?"

Yusta alikuwa ameanza kuvuta uzi wa blanketi, anaucheka unavyorefuka. Tusekile alifungua mdomo kusema "mfumo", neno alilolitumia maisha yake yote ya kazi. Macho ya mzee yalikuwa yanalingoja neno hilohilo.

"Mimi," alisema.

Obedi alimvuta mkewe karibu kwenye benchi. Kisha, bila kupaza sauti: "Basi nenda ukamtafute, wewe mama. Mimi nakaa hapa."

Lile neno mwanangu lilikuwa limekwisha.

*

Diski kuachiwa si diski kusafishwa. Hilo wageni wengi wa Hifadhi hawakulijua. Jina likifutwa kwenye katalogi, mtu mwenyewe bado yumo ndani ya diski, mzima, kama nyumba iliyong'olewa kibao cha namba. Hufutika pale tu mwingine anapoandikwa juu yake.

Tusekile alikimbia hadi kwenye chumba cha rafu. Diski ya watu wa Lwandilo ilikuwa inazunguka, taa yake inapepesa. Ilikuwa imepewa Balozi, na Balozi alikuwa akiandikwa juu yake wakati huohuo.

Alisimamisha uandishi. Kisha akaiagiza programu isome diski yote upya, kutoka mwanzo, ijenge orodha ya yeyote aliyesalia.

Majibu yalikuja polepole. Watu waliotangulia kwenye diski hawakuwapo tena, yalibaki majina yao tu ukingoni mwake: familia ya Mahenge yote, mwalimu wa shule, mjane mmoja aitwaye Rehema Ilomo. Mahali pao palikuwa na Balozi anayesinzia, Balozi anayelalamikia supu, Balozi anayetafuta miwani iliyo usoni. Wenyewe walikuwa hai huko milimani, wanapalilia viazi, wakidhani wamehifadhiwa. Waliokuja mwishoni mwa diski, akiwamo Obedi, walikuwa wazima.

Yusta alikuwa katikati. Balozi alikuwa amefika kwake, akamla nusu.

Mtu hunakiliwa kuanzia chini, utoto ukitangulia, kwa sababu yote mengine hujengwa juu ya utoto. Sehemu ya chini ya Yusta haikuwapo. Wazazi wake, Kikinga alichonyonya pamoja na maziwa, nyumba aliyozaliwa, siku aliyomwona Obedi mara ya kwanza, arusi yao, watoto wakiwa wachanga, vyote vilikuwa vimeandikwa juu. Kilichobaki kilianzia kwenye utu uzima wake: Kiswahili cha sokoni, shamba, kanisa, wajukuu, na mwanamume mmoja anayeishi naye bila kukumbuka alifikaje nyumbani kwake.

Haule aliingia akihema. "Nani amemsimamisha Balozi? Amenipigia mwenyewe. Anasema kuna dakika zake zinapotea!"

"Zinapotea. Anafanya nini sasa hivi?"

"Ananyolewa. Hilo linakuhusu nini?"

Tusekile alimgeuzia kioo. Haule alisoma kwa muda, kikombe kimeinama, chai ikimdondokea kwenye kiatu. Alipomaliza alishusha pumzi, na Tusekile akaona kwamba uso wake haukuwa na huzuni yoyote. Ulikuwa uso wa mtu anayepiga mahesabu.

"Mwekee kiraka," alisema.

Kiraka kilikuwa utoto wa akiba. Kilishonwa maabara kutokana na kumbukumbu za watu mamia waliojitolea, zikasagwa mpaka zisiwe za mtu yeyote: bibi mpole, mvua juu ya bati, mpira mwekundu, wimbo usio na maneno. Waliowekewa kiraka walitulia na kuishi vizuri. Lakini ukiwauliza utoto wao, wote walikuwa wamecheza na mpira uleule mwekundu. Kanuni ilikuwa wazi: nakala yenye tundu isirudishwe bila kiraka. Aliyeamka na tundu huamka akitafuta, na wapo ambao hawakuacha kutafuta mpaka wakajidhuru.

"Mzee tutamwambia nini?" aliuliza Tusekile.

"Kwamba amepona. Atakuwa amepona. Mke wa mkulima wa viazi anahitaji kukumbuka nini hasa? Viazi vinapandwa vilevile kila mwaka."

Juzi Tusekile angelicheka neno hilo. Angeweza hata kulisema yeye, tena kwa ufasaha zaidi. Sasa alilisikia likitoka kwenye mdomo wa mwingine, akamtazama Haule, tai yake ya hariri, chai kwenye kiatu, akamdharau kama hajawahi kumdharau mtu. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa anajitazama mwenyewe.

"Na wale waliofutika kabisa?"

"Hawajaugua."

"Wakiugua?"

"Katalogi haitawajua. Watakuwa hawakunakiliwa." Haule aliweka kikombe juu ya rafu. "Tusekile, wewe si mtoto. Weka kiraka, endelea kumwandika Balozi, tufunge habari hii. Au acha kidole chako hapo mezani nimpe mwenzako."

"Mpaka saa ya kutoka kidole bado ni changu," alisema, na akaitoa diski kwenye mashine kwa mkono.

Mbali na Njombe, barazani kwake, Balozi Ndunguru alinyolewa kidevu kizima bila kuhifadhiwa. Dunia haikutikisika.

*

Obedi alisikiliza yote akiwa ameketi kwenye benchi. Tusekile hakuficha kitu, wala amri aliyoitoa, wala Balozi, wala kiraka na faida yake. Alieleza pia hatari ya tundu. Alijaribu kusema kwa sauti ya kitaalamu, ikakatika katikati.

"Huo utoto wa kushonwa," alisema Obedi. "Humo mama yake yumo?"

"Kuna mama. Si wake."

"Na mimi nikimuuliza habari za kaka yake aliyezama mtoni, atanijibu nini?"

"Hatamjua. Atakuambia habari za mpira."

Mzee alicheka, kicheko kikavu kama kikohozi. "Mnajua kutukana, nyinyi watu. Mnaiba ng'ombe wa mtu, mnamrudishia picha ya ng'ombe, tena mnataka awashukuru."

"Akiamka na tundu anaweza kuteseka, baba. Lazima nikuambie. Kiraka kinamtuliza."

Obedi alimgeukia mkewe. Yusta alikuwa amelala begani kwake, mdomo wazi, uzi wa blanketi umezungushwa kwenye kidole. Obedi alimvutia blanketi mpaka shingoni, kisha akalivuta tena. Tusekile aliona hilo, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba mzee huyu alikuwa anaogopa, kwamba ukali wake wote ulikuwa fimbo ya kujishikizia asianguke.

"Nikichagua vibaya, atateseka yeye, si mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Na huwezi kumuuliza."

"Siwezi."

"Yusta hajawahi kuvaa nguo ya kuazima. Siku ya arusi yake alikataa gauni la dada yangu, akaja na la kwake lililofifia." Alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Mrudishe alivyo. Kilichopungua nitamsimulia. Nina hadithi zake nyingi kuliko nyinyi."

*

Yusta alifumbua macho alasiri. Aliitazama dari, akatazama mikono yake, akaigeuza. Kisha akaanza kupapasa kitanda, taratibu, halafu kwa pupa, chini ya mto, chini ya shuka, kama aliyepoteza ufunguo. Tusekile alikuwa amekwisha kusoma habari za kupapasa huko kwenye ripoti. Kwa macho yake mwenyewe hii ilikuwa mara ya kwanza.

Obedi alimshika mikono, akamwambia jambo kwa Kikinga, kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani.

Yusta alikunja uso. "Sema Kiswahili, Baba Lusia. Hicho unachosema ni nini?"

Mzee aliinamisha kichwa. Kisha akakiinua. "Ni lugha yetu," alisema kwa Kiswahili. "Ulikuwa unaijua kunishinda. Nitakufundisha."

"Kuna kitu nakitafuta, sikipati." Alikuwa bado anapapasa. "Nimekiweka wapi?"

"Kimechukuliwa."

"Na nani?"

Obedi alinyoosha kidevu upande wa Tusekile, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Alimweleza mkewe kwa maneno machache, tangazo la redio likiwamo. Hakuongeza chumvi, wala hakupunguza.

Yusta alimtazama Tusekile kuanzia viatu hadi nywele. Tusekile alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi, maneno mazuri, ameyapanga tangu adhuhuri. Kabla hajatoa hata moja, Yusta alimsonya. Ulikuwa msonyo mrefu, uliotoka chini kabisa ya koo, wa mwanamke ambaye hakukumbuka mama aliyemfundisha, lakini aliujua vyema. 

"Kwenye hiyo diski nilikuwa na nani?" Yusta aliuliza.

Tusekile aliwataja. Yusta aliwajua majirani wa miaka ya karibuni. Kila jina lilipotajwa alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Rehema naye amefutwa?"

"Kabisa."

"Anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua."

"Na wewe umekaa hapa unanitazama mimi ninavyotafuta." Alishusha miguu kitandani. Obedi alitaka kumzuia, akamsukuma mkono. "Utaenda kuwaambia. Si kwa redio. Redio yenu tumeshaisikia."

*

Barua ya Haule ilimkuta Tusekile mezani kwake. Alikuwa amesimamishwa kazi kwa kuhujumu huduma ya mteja maalumu. Kidole chake kilikuwa na uhai mpaka jioni, na aliutumia. Aliirudisha diski ya Lwandilo kwenye katalogi na kuiwekea alama isiyokubali kutumika upya. Diski nyingine za milimani ambazo Balozi hakuwa amezifikia aliziwekea alama hiyohiyo. Usingizi wa Balozi wa miaka mingi aliupa muda wa siku moja. Alijua Haule anaweza kubadilisha yote kesho yake. Alijua pia kwamba ili abadilishe itabidi aweke kidole chake mwenyewe, jina lake lionekane, na Haule alikuwa mwoga wa jina lake.

Walipanda kwa trekta lilelile la mbolea. Obedi na Yusta walikaa mbele na dereva. Tusekile alipewa nafasi nyuma juu ya magunia, na hakuna aliyemwomba radhi kwa hilo. Njia nzima alimsikia mzee akisema neno kwa Kikinga na Yusta akilirudia, akikosea, akilirudia tena. Mara nyingine sauti ya Yusta ilikatika, akawa anapapasa mifuko ya koti la mumewe, na mzee akangoja mpaka amalize. Walivuka mto kwa miguu mahali daraja lilipokuwa. Maji yalimfika Tusekile mapajani, baridi kama kisu, na kwa mkono mmoja alijikaza kwenye kamba ambayo wazee na wajawazito wa Lwandilo walikuwa wakiishika miaka yote aliyowaita wavivu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Rehema Ilomo. Mjane alikuwa uani akimenya viazi, akainuka mbio kumwona Yusta akitembea kwa miguu yake, akitaja majina. Alimkumbatia, akalia, akacheka. Kisha akamwona mgeni nyuma yao, amelowa, amevaa koti lenye nembo ya Hifadhi.

"Huyu ndiye daktari aliyekuponya?" alisema, akishangilia. Alikuwa tayari ameshapangusa kigoda kwa upindo wa kitenge. "Karibu, mwanangu! Karibu ukae, utakula viazi. Mungu akubariki kwa kazi yenu, maana sisi wote tumo humo kwenu."

 Obedi na Yusta walisogea pembeni, wakamwachia Tusekile nafasi.

Tusekile hakukaa.

"Shikamoo, mama," alisema. "Usinikaribishe kwanza."